Joseph Lister, mganga aliyetafuta kitambaa cha kidonda kisichodhuru mgonjwa

Joseph Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, karibu na London, Uingereza. Baba yake aliuza divai, lakini pia aliboresha lenzi za mikroskopi. Hivyo mtoto alizoea mapema kuchunguza vitu visivyoonekana kwa macho.

Mwaka wa 1861 alianza kupasua wagonjwa katika hospitali kubwa ya Glasgow, Scotland. Wakati huo, mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi ulimaanisha kukatwa kiungo, na wengi walikufa kwa kuoza kwa kidonda. Kati ya wagonjwa wake 35 waliokatwa viungo mwaka wa 1864 na 1866, 16 walifariki. Waganga wengi walisema kosa ni la hewa mbaya.

Lister alisoma kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa kuhusu mikrobi, akapata wazo lingine: kuziua kabla hazijaharibu nyama. Alijua kwamba mji wa Carlisle ulitia asidi ya karboli katika maji machafu. Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa James Greenlees, mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gari la kukokotwa. Alifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowekwa asidi hiyo. Baada ya wiki sita hivi, mguu ulipona.

Lakini dawa iliunguza ngozi. Ikiwa kali, ilimuumiza mgonjwa. Ikiwa nyepesi, iliisha nguvu upesi. Lister alijaribu kuichanganya na maji, kisha mafuta ya zeituni. Baadaye alitengeneza shashi ya pamba yenye karboli, utomvu wa mti na nta ya parafini. Utomvu ulishika dawa na kuiachilia polepole. Nta ilizuia shashi isinate. Ilikunjwa mara nane juu ya kidonda. Mke wake Agnes aliandika matokeo ya majaribio yake mengi.

Kati ya 1867 na 1869, wagonjwa 40 walikatwa viungo, na 6 tu walifariki.

Hata hivyo hakuridhika. Mwaka wa 1889 alitangaza shashi nyingine, yenye zebaki na zinki, isiyochoma ngozi sana. Mwaka uliofuata alikiri hadharani kwamba kunyunyiza karboli hewani, njia aliyoitetea miaka mingi, hakukuwa na faida.

Alifariki tarehe 10 Februari 1912, akazikwa London kando ya Agnes. Hadi leo, watengenezaji wa vitambaa vya hospitali hukutana na swali lake lile lile: kuua mikrobi bila kuumiza mwili.