Shaaban Robert, Karani Aliyejenga Nchi Angani

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya masomo Dar es Salaam, mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya Waingereza kuwa karani wa forodha. Kazi ya serikali ilimpeleka Pangani, Longido na Tanga kwa zaidi ya miaka 30.

Karani wa koloni hakuwa na nafasi ya kuzihoji sheria hadharani. Mwaka 1951 ikatoka Kusadikika, riwaya ya nchi iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Mwishowe Karama anashinda na wafungwa wanaachiwa.

Vijana wanaoketi leo mezani na dadu, kila mmoja akivaa uhusika wake, huanzia hapo hapo: nchi isiyokuwapo, sheria zake, na mtu anayethubutu kuzihoji. Wengi wao huazima nchi hizo katika riwaya za fantasia. Lakini mchezaji akishindwa, huanza upya. Shaaban aliandika akiwa bado mwajiriwa wa dola aliyoipima kwa mizani ya Kusadikika.

Alifariki mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru. Nchi yake nyingine ya kubuni, Kufikirika, ilichapishwa mwaka 1967. Yeye hakuiona kitabuni.