Bon Scott: mwimbaji wa ambiansi aliyelala ndani ya gari na asiamke

Usiku wa tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 1980, katika muji wa London, mwanaume mmoja wa miaka 33 alitoka kunywa na usingizi ukamshika ndani ya gari la rafiki yake. Rafiki alijaribu kumwamsha, akashindwa. Akamuacha alale humo, naye akaingia nyumbani kulala. Kesho yake mangaribi alirudi kwenye gari, akamkuta hapumui tena. Mtu huyo alikuwa Bon Scott, mwimbaji wa kikundi AC/DC, ambacho wapenzi wa rock ya nguvu wanakijua dunia nzima.

Jina lake kamili ni Ronald Belford Scott. Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa saba 1946 huko Forfar, inchi ya Uskoti. Mwaka 1952 wazazi wake walihamia Australia, kwanza Melbourne, kisha Fremantle, muji wa bandari. Shuleni kulikuwa tayari Ronald mwingine, ndipo wenzake wakamuita Bon, kutokana na neno la Kiskoti lenye maana ya mzuri, ambalo Waskoti wanapenda kuita nalo inchi yao. Huko Fremantle alipiga ngoma katika kikundi cha zomari za Kiskoti, pamoja na baba yake.

Masomo aliyaacha akiwa na miaka 15. Alifanya kazi shambani, akavua kamba baharini, akatengeneza mizani. Mwaka 1963 alipelekwa mbele ya sheria kwa makosa mbalimbali, kati yao kudanganya polisi jina lake na kuiba esansi. Alifungiwa miezi kadhaa katika nyumba ya kurekebishia vijana. Alipotaka kuingia jeshini, jeshi halikumpokea.

Muziki ndio ulimpokea, lakini haukumlipa. Kikundi chake cha The Valentines kilivunjika mwaka 1970. Kingine, Fraternity, kilisafiri mpaka Uingereza kutafuta jina, kikarudi mikono mitupu. Bon akabaki Adelaide, akapata kazi katika kiwanda cha mbolea. Mwezi wa tano 1974, akiwa amelewa na amegombana na wenzake, alipanda pikipiki kwa hasira na kupata aksida mbaya. Alikaa siku tatu bila kujitambua. Meno yalivunjika, taya pia. Wengi wangesema basi, safari imeishia pale.

Kumbe ndipo ilianza. Mwaka ule ule AC/DC ilipita Adelaide. Ilikuwa ya vijana wawili wa familia moja, Malcolm na Angus Young, nao pia wazaliwa wa Uskoti. Malcolm alikuwa na miaka 21, Angus 19, na alikuwa akipiga gitaa jukwaani akivaa iniformu ya mwanafunzi. Bon alikuwa na 28. Kwa kazi ile alionekana mzee. Lakini walitafuta mwimbaji mpya, wakamuchukua yeye.

Mwezi wa 11 mwaka 1974 waliingia stidio ya Albert, huko Sydney. Kwa muda wa siku kama kumi tu, albamu yao ya kwanza ilikuwa tayari. Ilitoka mwezi wa pili 1975, nyimbo nane, jina High Voltage, ni kusema umeme wa nguvu nyingi. Kaka yao George Young na mwenzake Harry Vanda ndio waliisimamia. Hawakuipamba. Magitaa yanakwaruza, sauti ya Bon inakwaruza pia, na mtu anasikia kama kikundi kiko mbele yake katika baa iliyojaa watu. Maneno ni ya wanawake, starehe na usiku usioisha. Wimbo mmoja Bon aliuandika juu ya mke wake Irene, hata kama ndoa yao ilikuwa inaelekea kuvunjika.

Lakini katikati ya ambiansi ile kuna wimbo Show Business. Ndani yake mwanamuziki analalamika: yeye ndiye anatoka jasho, wengine ndio wanakula vizuri. Bon hakuhitaji kwenda mbali kuyatafuta maneno hayo. Alikuwa ameyaishi miaka kumi.

Mwaka 1976 albamu nyingine ilitoka Ulaya na Marekani kwa jina lile lile, lakini nyingi ya nyimbo zake zilikuwa za albamu yao ya pili. Gazeti Rolling Stone la Marekani liliidharau. Watu wakaendelea kununua, na huko Marekani peke yake zimeuzwa zaidi ya milioni 3. Mwaka 1979, Highway to Hell iliwaingiza kati ya 20 za kwanza Marekani. Mlango mkubwa ulikuwa umefunguka.

Miezi michache kisha, Bon akafa. Uchunguzi ulionyesha kama ni pombe nyingi mno iliyomuua. Mtu akilewa mpaka haamki, wengi wanasema tumuache alale, itamtoka. Lakini pombe nyingi inaweza kuzimisha pumzi, ao matapishi yanafunga koo. Mtu wa namna hiyo anapaswa kulazwa ubavu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mbio. Usiku ule Bon hakupata hilo.

Wenzake walimchukua Brian Johnson, na mwezi wa saba 1980 wakatoa Back in Black, moja kati ya albamu zilizouzwa sana duniani. Jalada lake ni jeusi, kwa kumuomboleza Bon.

Majivu yake yalizikwa Fremantle. Tangu 2008 sanamu yake imesimama kule, kwenye bandari ya wavuvi, karibu na maji ambamo wavuvi wa kamba walikuwa wakitokea, wakati yeye ni kijana asiyejulikana na mtu.