Tom Mboya na Nauli ya Vijana 81

Kila tarehe 12 Desemba, tukikutana hapa Champlin theluji ikiwa mlangoni, huwa tunawataja waliotupigania uhuru. Mwaka huu tumemchagua Tom Mboya, kwa sababu habari yake inatugusa sisi tuliovuka bahari kwa michango ya watu.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Alisoma Mang'u, lakini karo ikakosekana, masomo yakakatika. Akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya, akahitimu mwaka 1950 na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Sisi wauguzi tunajivunia kwamba alianzia upande wetu. Kutoka hapo akaingia vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1957 akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Uhuru ulikuwa njiani, na nchi haikuwa na wasomi wa kutosha. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea vijana wetu na kuwapunguzia karo, ila nauli hawakuwa nayo. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kwenye mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Ombi lake lilikuwa jepesi kuelewa: kiti kimoja katika ndege, kwa kijana mmoja aliyekwisha kupata chuo. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango, na watu wapatao 8,000 wakaitikia. Septemba mwaka huo vijana 81 wakatua New York.

Nyumbani nako hawakukaa wakisubiri. Wazazi waliuza mifugo, majirani wakachanga, ili kijana asifike ugenini mikono mitupu.

Mwaka 1960 Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Katika kundi la mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Hadi 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa.

Mboya alikuwa waziri tangu uhuru. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa jijini Nairobi, akiwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Ndugu zetu, wengi wetu shahada ya uuguzi tuliipatia huku, lakini kabla ya shahada kuna mtu aliuza ng'ombe. Leo msiba ukitokea, simu zinalia usiku huohuo, na kufikia asubuhi orodha ya mchango imejaa. Hilo ni jambo jema, tusiliache. Lakini daftari la karo linabaki na majina yaleyale machache. Tunadhani sababu ni hii: marehemu tunamjua, sura yake na watoto wake, kijana wa karo tumemficha ndani ya neno mradi.

Mboya aliwaonyesha wachangaji mtu, safari na gharama yake, na kila upande ukabeba sehemu yake: mzazi, chuo, mgeni asiyemjua. Basi tunapendekeza kwamba kuanzia Jamhuri hii, kila ombi la karo lije na kijana mmoja, kwa idhini yake, chuo chake, kiasi kinachopungua, na kile ambacho jamaa zake wamekwisha kutoa. Mwenye dola 10 alete 10. Na atakayesomeshwa, naye siku moja amshike mwingine mkono.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.