Carey Francis: Msomi wa Cambridge aliyerudi kufundisha hesabu za msingi

Kama ulimaliza kidato cha nne na sasa uko Kitale au Bungoma unangoja kuingia chuo, pengine ushajiambia kwamba wewe na hesabu mlishaachana. Kozi uliyopata ni ya biashara, uuguzi, umeme au kilimo, na unaona mambo ni sawa tu. Halafu wiki ya kwanza mhadhiri anaandika asilimia na uwiano ubaoni, anafuta, anasonga mbele. Wewe bado unajaribu kukumbuka vile nusu na theluthi hujumlishwa. Aibu inakushika, unanyamaza, na ukinyamaza wiki tatu umeachwa nyuma.

Kabla hujafika huko, mjue mzee mmoja ambaye babu yako huenda alimsoma bila hata kumwona.

Jina lake lilikuwa Edward Carey Francis. Alizaliwa London mwaka 1897. Ujana wake uliangukia Vita Kuu ya Kwanza, akaenda vitani akiwa afisa wa mizinga. Aliporudi salama alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, na huko aling'ara kweli kweli. Hakumaliza na kuondoka kama wengine. Alibaki, akafanywa mhadhiri wa hesabu katika chuo cha Peterhouse, mojawapo ya vyuo vya zamani zaidi pale Cambridge. Kwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, hiyo ilikuwa kazi ya kuotewa: mshahara, heshima, nyumba, na wanafunzi wenye akili kali.

Mwaka 1928 aliacha yote hayo. Alikuwa mtu wa dini, na kupitia shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, alikuja Kenya kuwa mkuu wa shule ya Maseno, iliyo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale mstari wa ikweta unapopita. Wenzake wa Cambridge lazima walijikuna kichwa. Mtu anaacha kufundisha hesabu za juu kabisa ili akawafundishe wavulana kugawanya na kuzidisha?

Lakini fikiria hali ilivyokuwa huku kwetu. Bungoma ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalikuwa mikononi mwa Wazungu, na watoto wa Waafrika waliofanya kazi humo walipata shule kwa taabu. Shule ya Kamusinga, ambayo leo inajulikana nchi nzima, ilikuja kuanza katikati ya miaka ya 1950. Kwa hivyo kijana wa pande hizi aliyetaka kusoma zaidi ya elimu ya msingi mara nyingi alifunga safari ndefu. Na aliyefika sekondari alifika na mapengo: walimu walikuwa wachache, vitabu vichache zaidi, na hesabu ilikaririwa kama wimbo.

Francis alikaa Maseno miaka kumi na miwili. Miongoni mwa wavulana waliopita mikononi mwake ni Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye naye alirudi kufundisha kabla ya kuingia siasa na kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Mwaka 1940 Francis alihamia Kikuyu kuongoza shule ya Alliance, na hapo ndipo jina lake lilipokuwa kubwa. Aliiongoza hadi mwaka 1962. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wake kuanzia 1955 hadi 1958. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, baraza la kwanza la mawaziri lilijaa watu waliopita Alliance.

Tusimpake rangi ya malaika, lakini. Alikuwa mkali, na wanafunzi walimwogopa. Wapo waliomwona kama baba anayetaka kuamua kila kitu kwa niaba ya vijana wa Kiafrika, na siasa za kudai uhuru hazikumkaa vizuri. Hayo yamesemwa na waliosoma chini yake, na wana haki ya kuyasema.

Jambo moja hata waliomlaumu hawakuweza kumnyima: alichukulia hesabu ndogo kwa uzito. Akiwa mkuu wa shule iliyokuwa ikipokea wavulana bora wa nchi nzima, aliendelea kuingia darasani mwenyewe. Na kalamu yake hakuitumia kuandika vitabu vya kuwafurahisha maprofesa. Aliandika vitabu vya hesabu vya watoto wa shule za msingi, vilivyoitwa Highway Arithmetic, vikasomwa katika shule nyingi za Kenya. Muulize mzee yeyote wa Kimilili, Webuye au Kiminini aliyesoma miaka ile. Jina hilo likitajwa, wengine hucheka, wengine hukumbuka kiboko.

Hebu tulia hapo kidogo. Huyu ni mtu aliyefika kilele cha somo lenyewe. Aliona wanafunzi wakikwama sekondari, na dawa aliyoitafuta ilikuwa chini, kwenye kujumlisha, kugawanya, sehemu na asilimia. Hesabu ni kama nyumba. Ufa ukionekana dirishani, fundi mwenye akili huenda kutazama msingi.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 65, alistaafu Alliance. Angeweza kurudi Uingereza kula pensheni. Badala yake alihamia Pumwani, Eastlands jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya huko. Jana mkuu wa shule kubwa kuliko zote za Waafrika nchini, leo mwalimu mwenye chaki mkononi kati ya vijana wa mtaa. Aliendelea hivyo hadi alipofariki Julai 1966. Hakuwahi kuoa. Urithi wake mkubwa ulikuwa watu aliowafundisha.

Sasa turudi kwako. Labda umeitwa Kibabii, labda Kitale National Polytechnic, labda Masinde Muliro kule Kakamega. Huna haja ya kufungua vitabu vya kidato cha nne kwanza. Shuka. Chukua karatasi ya mtihani wa darasa la saba au la nane, kaa peke yako, weka simu mbali, fanya bila kikokotoo. Pale unapoanza kukosa, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni hesabu za mdogo wako. Ukiona bado unakosa, shuka darasa moja tena. Ukifika pahali unapata zote, anza kupanda. Saa moja kwa siku kwa wiki kadhaa inabadilisha mengi.

Na mifano usiitafute mbali. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 umeandikwa 18 na 46. Maana yake asilimia 18 ni naitrojeni na asilimia 46 ni fosfeti. Kwa hivyo ndani ya mfuko kuna kilo 9 za ya kwanza na kilo 23 za ya pili. Kama umeweza hiyo bila kikokotoo, asilimia ziko sawa. Kama hukuweza, mfuko upo hapo kwa ghala, rudia.

Chukua nyingine. Mawakala wa mashamba Kitale na Bungoma watakuambia ploti ya futi 50 kwa 100 ni thumni ya ekari, yaani moja ya nane. Piga hesabu. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ukigawanya kwa nane unapata 5,445. Ploti yako, 50 mara 100, ni 5,000. Kumbe umepungukiwa na futi za mraba 445, eneo la kutosha kujenga chumba kikubwa cha futi 20 kwa 22. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, na kuna watu wazima wenye digrii ambao hawajawahi kuifanya.

Ndiyo maana kurudi kwenye msingi si kujishusha. Mhadhiri wa uuguzi akikupa kipimo cha dawa, au fundi wa umeme akikuomba ugawe mkondo, hakuna atakayeuliza ulipata gredi gani kwenye KCSE. Watatazama kama jibu ni sahihi. Ukikosea pale, mgonjwa au mteja ndiye atakayelipa.

Carey Francis alitoka Cambridge akaja Maseno kuanza na moja jumlisha moja, na alipozeeka akaanza tena Pumwani. Safari yako ni fupi zaidi. Ni kutoka kitandani hadi mezani, na daftari la darasa la saba mbele yako. Anza leo jioni, kabla barua ya chuo haijafika.