Alexander Mackay: Fundi wa Injili katika Pwani ya Kusini ya Ziwa

Asafiriye kutoka Igoma kwa barabara iendayo Magu na Musoma huliacha ziwa upande wake wa kushoto. Katika pwani hiyo ya Ghuba ya Speke ndipo ilipokuwa Kageyi, bandari ndogo ya zamani ambako wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walitua mizigo yao mwaka 1877. Kusini-magharibi mwa hapo, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ilikuwako Usambiro. Maisha ya Alexander Mackay katika pande hizi za ziwa yalianzia kwenye pwani ya kwanza, na yakaishia kwenye pwani ya pili.

Mackay hakuwa Mlutheri, wala hakuwekewa mikono kuwa mchungaji. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Hata hivyo, historia ya Neno la Mungu katika nchi za ziwa haiwezi kuandikwa bila jina lake, na Walutheri wa pande hizi ni miongoni mwa wanaovuna mahali alipopanda kwa machozi.

Malezi ya nyumbani

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini-mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14. Baba na mwana walipotembea, baba alichora ramani ardhini kwa fimbo yake, akamweleza mtoto habari za mito na nchi za mbali. Mtoto huyo alipenda vitabu, lakini pia alipenda kusimama katika karakana ya mhunzi na kutazama chuma kikifuliwa.

Mama yake alifariki mwaka 1865, mwana akiwa masomoni Aberdeen. Alimwachia Biblia yake, pamoja na ombi kwamba ayachunguze Maandiko kwa bidii. Biblia hiyo ilikuwa urithi wake mkubwa kuliko wote, na ombi la mama halikumtoka moyoni.

Kutoka Aberdeen alikwenda Edinburgh, akasomea ualimu na baadaye uhandisi. Mwaka 1873 alihamia Berlin, Ujerumani, akaajiriwa na kampuni ya mitambo kuwa mchoraji wa mashine. Huko alikaa katika nyumba ya Baur, mhubiri wa makao ya mfalme, na kushiriki katika mafunzo ya Biblia ya nyumba hiyo. Kwa hiyo kijana wa Kipresbiteri alilelewa kiroho kwa miaka kadhaa katika jamaa ya Kijerumani, miongoni mwa watu wa Matengenezo.

Mwishoni mwa mwaka 1875, magazeti ya Uingereza yalichapisha barua ya msafiri Henry Stanley. Barua hiyo ilieleza kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa tayari kuwapokea walimu wa dini ya Kikristo. Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilitafuta watu wa kwenda. Mackay alijitoa, naye akapokelewa mwanzoni mwa mwaka 1876. Wazo lake lilikuwa kwamba fundi pia anaweza kuwa mmisionari, na kwamba mikono ifanyayo kazi yaweza kuihubiri Injili pamoja na midomo.

Katika kuagana na wakuu wa chama, yeye aliyekuwa kijana kuliko wenzake aliwaonya kwamba katika muda wa miezi sita huenda wakapata habari za kifo cha mmoja wao. Akawasihi wasikate tamaa habari hizo zitakapofika, bali wapeleke mtu mwingine mara moja. Maneno hayo yalitimia upesi. Robertson, mmoja wa wale wanane, alifariki Zanzibar mwaka huo huo wa 1876.

Kageyi na Ukerewe

Mackay aliugua njiani, akalazimika kurudi pwani ya bahari. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata kilometa 370, ili mizigo ipitishwe kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Wakati huo wenzake waliotangulia walikuwa wamefika ziwani. Daktari John Smith alifariki kwenye pwani ya kusini mwaka 1877. Mwezi Desemba wa mwaka huo Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe, katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Habari hizo zilipomfikia Mackay, aliharakisha safari yake kuelekea ziwani.

Alifika Kageyi katikati ya mwaka 1878. Aliyoyaona yangeweza kumvunja moyo mtu yeyote. Vyuma vya mashine, vitabu, dawa na sehemu za mtambo wa kuchapa vilikuwa vimelundikana kibandani, vingine vimeliwa na kutu. Mashua yao iliyoitwa Daisy ilikuwa imeharibika. Wenyeji walidhani kwamba mzungu huyo amekuja kulipa kisasi cha damu ya ndugu zake.

Hapo ndipo imani yake ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa pwani yetu. Aliweza kudai nguvu za kivita. Aliweza pia kulipita kisiwa kile kimya kimya. Hakufanya hivyo. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akaketi na Mtemi Lukonge, akamhakikishia kwamba hakuja kulipiza kisasi. Akarudi salama. Tendo hilo lilikuwa mahubiri yake ya kwanza katika nchi za ziwa, naye aliyatoa kabla hajaijua vema lugha ya wale waliomsikiliza.

Kisha aliitengeneza mashua na kutweka pamoja na mwenzake Wilson. Dhoruba iliwatupa kwenye pwani ya magharibi, mashua ikavunjika. Mackay aliikata sehemu iliyoharibika, akaunga mbele na nyuma kama mshona viatu aungavyo ngozi, na baada ya majuma kadhaa wakaendelea. Wakaingia Buganda mwezi Novemba 1878.

Miaka ya Buganda

Kwa karibu miaka tisa Mackay aliishi Buganda. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Alifua chuma, alijenga, na mama wa Kabaka alipofariki mwaka 1882 alitengeneza jeneza lake. Alichonga herufi kwa mikono yake, akachapa kurasa za Maandiko kwa Kiganda. Vijana waliokuja kutazama mashine walijikuta wamejifunza kusoma, na waliokuja kusoma walijikuta wamekutana na Kristo. Tarehe 18 Machi 1882 watano wa kwanza walibatizwa. Kwa kuwa Mackay hakuwa mchungaji, ubatizo huo ulifanywa na mwenzake O'Flaherty. Aliyefundisha alisimama pembeni na kumshukuru Mungu.

Mackay alikuwa mwanadamu mwenye udhaifu wake. Alikuwa mkali katika mabishano, na mara kwa mara alishindana hadharani mbele ya Mutesa na mapadre wa Kikatoliki waliofika mwaka 1879, tena na walimu wa Kiislamu. Mashindano hayo hayakumpendeza kila mtu, wala hayakuijenga Injili siku zote. Historia ya Kanisa haina haja ya kuyaficha, kwa maana Mungu hutumia vyombo vya udongo.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni waliuawa kwa moto kwa ajili ya imani yao. Mwezi Oktoba Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Mwaka 1886 Wakristo wengi, wa Kianglikana na wa Kikatoliki, walichomwa moto Namugongo na kuuawa sehemu nyinginezo. Wale vijana waliokula na kusoma nyumbani kwa Mackay walikuwa ndio watoto wake. Aliwalilia kama mzazi. Katika miezi hiyo hiyo ya giza aliendelea kuchapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, nayo ilisomwa kwa siri katika nyumba za waamini. Mwezi Julai 1887, kwa shinikizo la maadui zake, aliiacha Buganda na kuvuka ziwa kuelekea kusini.

Usambiro

Alipofika Usambiro, Mackay alianza tena kutoka mwanzo. Alifyeka pori, akafyatua matofali, akajenga nyumba na karakana, na kusimamisha mtambo wa kuchapa. Alianza pia kutengeneza mashua ya mvuke kwa ajili ya ziwa. Alikuwa akiitafsiri Injili ya Yohana. Wakristo wa Kiganda waliokimbia mateso walimfuata huko, wakaishi pamoja naye, wakafanya kazi mchana na kusoma jioni. Hao ndio waliokuwa familia yake. Mtu asiyekuwa na mke wala mtoto alikuwa na nyumba iliyojaa.

Lakini Usambiro palikuwa pia mahali pa makaburi. Mwezi Machi 1888 mmisionari Blackburn alifariki, na siku chache baadaye Askofu Henry Parker akamfuata. Mwishoni mwa mwaka huo mapinduzi yalitokea Buganda, na wamisionari Gordon na Walker walifukuzwa, wakafika kwa Mackay baada ya kupoteza karibu kila kitu ziwani. Mwanga mwenyewe alikuwa amepinduliwa. Alikimbilia pwani ya kusini, akapata hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi, na mwaka 1889 alimwandikia Mackay barua ya kuomba yaliyopita yasahauliwe. Aliyewaua watoto wa Mackay sasa alikuwa mkimbizi jirani yake. Kama alivyofanya Ukerewe, Mackay hakutafuta kisasi.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro akirudi kutoka kumwokoa Emin Pasha, akakaa kwa karibu majuma matatu. Alimkuta mtu mdogo wa umbo, mchangamfu, aliyezungukwa na vitabu na vyuma, akiendelea na kazi kama vile hakuna lililompata. Mackay alishauriwa arudi Ulaya kupumzika. Tangu mwaka 1876 hakuwa ameiona nyumba ya baba yake. Jibu lake kwa wakuu wa CMS, mwanzoni mwa mwaka 1890, lilikuwa kwamba huo haukuwa wakati wa mtu kuiacha zamu yake. Kwanza wapeleke watu ishirini. Hapo ndipo angeweza kushawishika kurudi, ili asaidie kuwatafuta ishirini wengine.

Hakupata nafasi hiyo. Mwanzoni mwa Februari alishikwa na homa kali ya malaria. Mwenzake Deekes, ambaye naye alikuwa mgonjwa, alimuuguza kadiri alivyoweza. Tarehe 8 Februari 1890 Mackay alifariki, akiwa na umri wa miaka 40. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizoziandaa kwa ajili ya mashua. Vijana wa Kiganda na watu wa kijiji walikusanyika kaburini na kumwimbia Mungu, naye akazikwa karibu na Askofu Parker na Blackburn. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Uzao wa mtu asiyekuwa na mtoto

Mwenye kuhesabu kwa macho ya kibinadamu angesema kwamba kazi ya Usambiro ilikuwa hasara. Mashua haikukamilika chini ya mikono yake, na kituo chenyewe hakikudumu. Kazi ya CMS katika pwani hii iliendelea Nassa, nayo mwaka 1909 ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission.

Lakini kurasa alizozichapa hazikukaa mahali pamoja. Kanisa la Buganda lilisimama tena na kukua, na kutoka huko Neno la Mungu lilishuka kusini hadi kwa Wahaya. Halikuletwa kwanza na Wazungu. Lililetwa na wasomaji Waafrika waliobeba Maandiko ya Kiganda. Kulikuwa na Wakristo Bukoba waliokusanyika, kusoma na kuomba bila mchungaji, huku wakipingwa. Ernst Johanssen wa Misioni ya Betheli alipofika mwaka 1910, yeye na wenzake hawakuanza na shamba tupu. Walikuta watu waliokwisha kusoma. Katika ardhi hiyo lilimea Kanisa la Kilutheri la Bukoba. Humo alizaliwa Josiah Kibira mwaka 1925, aliyekuwa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Kutoka Bukoba waamini walipanda meli, wakavuka ziwa kutafuta kazi na biashara Mwanza, mji uliokua upesi baada ya reli kufika mwaka 1928. Walikuja na Biblia na nyimbo zao, wakaungana na Walutheri waliotoka Kilimanjaro na kwingineko, na pamoja na wenyeji wa Usukuma wakawa sehemu ya Kanisa la pande hizi. Hivyo Injili aliyoipeleka Mackay ng'ambo ya kaskazini ilirudi kusini kwa njia ya magharibi, ikilizunguka ziwa lote, mpaka ikafika karibu na pale alipotua mizigo yake.

Usharika uhesabupo miaka 100 huhesabu majengo, wachungaji, wainjilisti na wabatizwa, na ni haki kufanya hivyo. Maisha ya Mackay yanakumbusha hesabu nyingine, ya wale waliofanya kazi bila kuona mavuno. Baba wa Rhynie aliyechora ramani ardhini, mama aliyeacha Biblia, vijana waliochomwa moto, wasomaji waliovuka mpaka kwa miguu, na fundi aliyezikwa katika mbao za mashua yake, wote ni jamaa moja. Jamaa hiyo haijakoma. Kila mtoto anayefundishwa kusoma Neno la Mungu katika pwani hii anaingizwa ndani yake.