Ramanujan, Kijana Aliyeshindwa Mtihani

Sisi tuliosahihisha mitihani miaka mingi twajua jinsi kalamu nyekundu inavyoweza kumfungia kijana njia. Basi mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji habari za Srinivasa Ramanujan, bingwa wa hesabu.

Alizaliwa Erode, kusini mwa India, tarehe 22 Desemba 1887, akakulia Kumbakonam, ambako baba yake alikuwa karani wa duka la nguo. Mwaka 1904 aliingia chuo cha serikali mjini kwao kwa msaada wa masomo. Lakini moyo wake wote ulikuwa katika hesabu. Masomo mengine yakamshinda, na msaada ukakatwa. Alijaribu chuo kingine huko Madras, mji uitwao sasa Chennai, akashindwa tena. Akabaki hana shahada wala kazi, ila madaftari yake tu.

Mwaka 1912 alipata ukarani bandarini Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi. Wakubwa wake wa kazi waliona kipawa chake, wakamtia moyo. Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Wataalamu wengine wa huko walikwisha kuandikiwa, wasijishughulishe. Hardy alikaa na mwenzake Littlewood, wakazichunguza kanuni zile, wakatambua kuwa mwandishi si mtu wa kawaida. Mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Madras kilimpa rupia 75 kwa mwezi, ingawa hakuwa na shahada.

Mwaka 1914 alifika Cambridge. Hardy alimfundisha yaliyompungukia, akiangalia asije akauzima moto wake. Mwaka 1916 alipata shahada, na mwaka 1918 akachaguliwa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Lakini vita vilikuwa vimepamba moto. Naye hakula nyama, na vyakula alivyovizoea vilikuwa adimu. Baridi na upweke vilimwelemea, akaugua mwaka 1917. Alirudi kwao mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, mwenye umri wa miaka 32.

Ndugu wasomaji, kutambua kipawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtunza mwenye kipawa. Sisi walimu tumewahi kuwaona wajinga watoto ambao hatukuwauliza wanapenda nini. Na vijana wetu walioko vyuoni leo, je, tukiisha kuwashangilia siku ya kuondoka, nani kati yetu huuliza kama wamekula?