Sidi Mubarak Bombay: Mkalimani aliyefika Gondokoro na lugha za wengine kichwani

Katika mtaa wa Munuki, mjini Juba, si ajabu mtu kuulizwa jambo kwa Kiarabu cha Juba, akaliwaza kwa Kibari au Kidinka, kisha akajibu kwa Kiswahili. Kimya chake kifupi kabla ya kujibu huweza kudhaniwa kuwa ujinga. Ng'ambo ya Mto Nile, huko Gondokoro, Februari 1863 aliwasili mtu aliyeujua vyema uzito wa kazi hiyo: Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 miongoni mwa Wayao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, kisha akapelekwa India, ambako alijifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, alipata uhuru, akarejea Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 aliajiriwa na wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke.

Mwaka 1862 Speke alipokuwa mbele ya Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda, maneno yalipita njia ndefu. Speke, Mwingereza, alisema kwa Kihindustani. Bombay, Myao, akayatia katika Kiswahili. Mkalimani mwingine akayageuza kuwa Kiganda. Kisha ofisa wa kasri akayafikisha kwa Kabaka. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Wataalamu wa lugha hueleza kwamba akili huweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mkalimani husikiliza, huhifadhi alichosikia, hutafuta neno mwafaka na kuizuia lugha nyingine isimponyoke. Mzigo unapozidi, usemi hupungua kasi, vituo huongezeka na ulimi huteleza. Hali hiyo humpata kila binadamu, hata mwenye akili nyingi.

Kihindustani cha Bombay hakikuwa fasaha, lakini misafara ilimtegemea. Mwaka 1871 alikwenda na Henry Morton Stanley kumtafuta David Livingstone, na baadaye akavuka bara zima hadi pwani ya Atlantiki pamoja na Verney Lovett Cameron. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya fedha na pensheni.

Alifariki mwaka 1885. Leo, anayesita kidogo akitafuta neno huko Munuki anafanya kazi ile ile aliyoifanya Bombay, naye anastahili kusubiriwa.